Imevutwa mara ngapi? Fundi wa Kasongo na hofu ya shingo ya pikipiki

Saa mbili kasoro asubuhi, Wamaza, katika eneo la Kabambare. Fundi Bulaimu amepiga magoti uani kwa Mama Célestine, mbele ya pikipiki kuukuu ambayo haijawashwa kwa miaka sita. Mkononi ana kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, ambayo huku huitwa petroli. Anasugua chini ya usukani, pale mabomba ya fremu yanapokutana. Mahali hapo yeye hupaita shingo.

Anapangusa mpaka panakauka. Kisha anachota unga wa muhogo kwenye kikombe, anaupaka shingoni mpaka chuma kinakuwa cheupe pe, anarudi nyuma hatua mbili na kukaa chini.

"Sasa tunangojea," anasema. "Kama kadre, fremu hii, iko na ufa, petroli imeingia ndani yake. Itatoka pole pole, unga utaonyesha mustari mweusi. Kama hakuna ufa, unga utabaki mweupe."

Kungojea kwenyewe huchukua muda wa kupika bugari, yaani ugali. Anayeitaka pikipiki hii, Emmanuella, msichana wa miaka ishirini na minne, amesimama kwenye mlango wa jiko. Mama Célestine, mwenye mali, anautazama unga wake uliopakwa chumani kwa macho ya mtu anayeona chakula kikichezewa.

"Unga wote ule, na watoto hawajakula," ananung'unika.

Bulaimu hauondoi macho kwenye unga. Miaka miwili iliyopita hakuutafuta mstari huo mahali ulipokuwa, na mtu akavunjika mguu.

Bulaimu ana umri wa miaka arobaini na saba. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, karibu na soko la Kasongo. Kwa robo karne amekuwa akibadilisha minyororo, matairi na klachi za waendesha pikipiki za abiria, kazi isiyomfanya mtu ajulikane hata mtaa wa pili. Jina lake lilivuma kwa kitu kingine: kuchukua pikipiki ya zamani na kuigeuza kuwa "ya kuinama".

Ndilo jina ambalo Kasongo wamezipa kafe-resa, zile pikipiki za tangi refu, kiti kifupi na usukani wa chini unaomlazimisha dereva ainame mbele. Bulaimu aliiona moja kwenye picha ya simu ya mteja, akaitazama mpaka mwenye simu akaanza kudai simu yake. Tangu siku hiyo ametengeneza tano.

Soko lake ni harusi. Huko Kasongo, bibi harusi awe ametoka kanisani au msikitini, lazima azungushwe mjini na msafara wa pikipiki, honi juu, na ile ya mbele kabisa sharti iwe ya kupendeza. Anayeongoza hulipwa kama dola ishirini kwa harusi moja. Dereva wa abiria huzihangaikia dola hizo kwa siku nne, tena kama mvua haikunyesha.

Kijana aliyependwa kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Pitchou, kaka yake Emmanuella. Pikipiki yake ilikuwa ya tano, nyekundu, na Bulaimu mwenyewe anakiri kwamba hakuwahi kutengeneza nzuri kama ile. Fremu yake ilikuwa imebeba madumu ya mawese kutoka Lusangi kwa miaka mingi.

"Kwetu hapa muzigo unakaa nyuma," anaeleza. "Kwa hiyo kila mutu akinunua pikipiki ya zamani anaangalia nyuma, kama imepinda, kama wameiunga na moto. Na miye nikafanya hivyo. Nikapaka unga nyuma, ukabaki mweupe, nikafurahi. Shingo sikuiangalia hata dakika moja."

Alichosahau ni matope. Masika yakiingia, njia za Kabambare huigeuza pikipiki kuwa mzigo wa kubebwa. Ikizama, vijana hufunga kamba chini ya taa ya mbele, wanaume sita wanavuta kwa pamoja, na kila mmoja anapata chochote. Ikifanyiwa hivyo msimu baada ya msimu, shingo hupata ufa mwembamba ambao rangi huufunika vizuri sana. Halafu anakuja fundi, anaweka usukani wa chini, na uzito wa kifua cha dereva unaangukia palepale.

Ilikuwa harusi ya saba ya Pitchou. Msafara ulikuwa unashuka mteremko, bibi harusi akiwa kwenye pikipiki nyingine nyuma yake, Bulaimu akiwa kando ya njia na watazamaji wengine, akiringa kidogo, kwa nini aongope. Shingo ikakatika; usukani, taa na gurudumu la mbele vikaenda upande wake. Kipande kilichobaki kikaenda na Pitchou.

"Honi zote zikanyamaza mara moja," anasema. "Mupaka leo nikisikia arusi inapita, niko nangojea zinyamaze."

Mguu wa kulia ulivunjika mahali patatu. Pitchou anatembea, lakini goti halikunjiki tena, na pikipiki hawezi. Bulaimu aliuza mashine yake ya kujazia upepo akalipia matibabu yote. Kitu kimoja tu kilimshinda: kwenda kumtazama. Kwa miaka miwili alikuwa akizunguka nyuma ya soko, njia ndefu na yenye madimbwi, ili asipite mbele ya nyumba yao.

Basi fikiria moyo wake ulivyofanya siku Emmanuella alipoingia gereji na kusema, "Papa Bulaimu, nataka ya kuinama."

Alimkatalia. Akarudi, akamkatalia. Nyumbani kwao kuna mama mzee na Pitchou anayetengeneza redio zikipatikana, na kazi ya kuongoza harusi ilikuwa ndiyo inayowalisha. Emmanuella ameendesha pikipiki za watu tangu akiwa na miaka kumi na saba. Mara ya nne hakumbembeleza tena.

"Sawa, Papa," alimwambia. "Nitaenda kwa wale mafundi wa kule ng'ambo ya soko. Wao wanakata na kupaka rangi kwa siku mbili."

Hapo ndipo hofu ya Bulaimu ilipozaa pacha. Akikubali, anaweza kumuua. Akikataa, atamwona juu ya fremu iliyochaguliwa na mtu ambaye hajawahi kusikia kimya cha zile honi.

Wakaanza kutafuta. Pikipiki ya kwanza ilikuwa Kasongo, safi, injini inaimba. Unga ulipopakwa shingoni mstari ulitokea kabla hata hawajakaa chini. Ya pili ilikuwa Lusangi. Wengine huuliza pikipiki ni ya mwaka gani au imetembea kilomita ngapi. Bulaimu huuliza jambo moja: imevutwa mara ngapi? Mwenye nayo alicheka, akajibu, "Kila masika!" Fundi hakutoa hata kitambaa chake.

Ndipo wakasikia habari za Mama Célestine wa Wamaza. Marehemu mume wake alikuwa mkaguzi wa shule, na pikipiki yake ilikuwa chumbani tangu alipofariki kwa ugonjwa. Kila mwezi mjane huyo huifuta kwa mawese isipate kutu. Alipoulizwa imevutwa mara ngapi, alikasirika kidogo.

"Hata mara moja! Bwana yangu akikuta matope analala kwa walimu, anangoja pakauke. Siku mbili, siku tatu. Watu walikuwa wanamucheka."

Bugari ingekuwa imeiva sasa. Bulaimu anasogea, anainamisha kichwa chini ya usukani. Unga ni mweupe.

Emmanuella anapiga makofi. Fundi hainuki. Anapangusa, anasugua petroli tena, anapaka unga tena. Mweupe. Anaanza mara ya tatu, na Mama Célestine anashindwa kuvumilia.

"Papa, unga wangu utaisha!"

"Nitawaambia kweli," Bulaimu anasema bila kugeuka. "Nilikuwa naomba mustari utoke. Ungetoka, ningesema hapana, ningerudi kwangu kulala. Sasa nitasema nini?"

Emmanuella anakuja na kuchuchumaa kando yake. Kuna neno amelibeba tangu Kasongo.

"Papa, sikuja kwako kwa akili yangu. Ni yaya Pitchou, kaka yangu, alinituma. Alisema, 'Nenda kwa Bulaimu. Yeye ndiye anajua ilipovunjikia. Wale wengine watajifunzia kazi juu yako.'"

Mzee mzima alilia pale uani, mbele ya wanawake wawili na kuku. Kisha akanawa uso na kuanza kusafisha kabureta.

Bei ilipokubalika, waliondoka kesho yake. Habari za njia zilikuwa njema, kwa kipimo cha huku: wiki mbili hakuna aliyesikia risasi. Bulaimu aliendesha pikipiki ya marehemu polepole, Emmanuella akifuata kwenye pikipiki ya abiria. Saa sita mvua ikashuka. Kwenye bonde moja, pikipiki ikazama mpaka kwenye injini.

Vijana wa kuvuta walikuwa tayari, hiyo ndiyo kazi yao. Bulaimu alipokuwa bado anang'oa mguu wake kwenye tope, kamba ilikuwa imekwisha kufungwa chini ya taa.

"Musiguse shingo!" alipiga ukelele. Emmanuella hakudhani ana sauti kama ile. Aliidaka kamba kwa mikono miwili, ikamchuna viganja, alama zake ungali unaziona. Lakini wanaume sita hawasimami kwa neno moja. Walikuwa wamevuta. Mara moja tu, lakini walikuwa wamevuta.

Alikaa kwenye tope akaishika ile shingo kwa mikono yenye damu. Emmanuella anasema hakuwahi kumwona mtu mzima ameogopa vile, naye mwenyewe akaogopa kwa mara ya kwanza. Waliifungua pikipiki palepale: magurudumu, tangi, injini. Vijana wakabeba vipande mabegani mpaka ng'ambo, saa mbili nzima, wakimwona fundi amerukwa na akili. Fremu aliibeba yeye, na pikipiki za abiria zikawafikisha Kasongo na vipande vyote.

Unga alikuwa nao. Njia nzima hakuthubutu kuupaka.

Walipofika Kasongo hakwenda gereji. Alikwenda nyumba ile ambayo alikuwa akiizunguka, fremu begani, akaingia bila kubisha hodi. Pitchou alikuwa kwenye kiti, mguu umenyooka mbele yake, redio mapajani. Walitazamana.

"Waliivuta mara moja," Bulaimu alisema. Salamu ilimpotea. "Kabla ya hapo ilikuwa muzuri. Sasa sijui. Naogopa kuangalia peke yangu."

Pitchou aliweka redio chini. Alipitisha kidole chini ya shingo ile kwa muda mrefu, kisha akaomba kitambaa. Ni yeye aliyesugua petroli, ni yeye aliyepaka unga. Walikaa kungojea, mama mzee akiwa mlangoni na Emmanuella akiwa na matope mpaka magotini.

Unga ulibaki mweupe.

"Fanya tena," Bulaimu alisema. Pitchou akafanya tena. Mweupe.

"Weye uliniangusha, Papa Bulaimu," Pitchou alisema mwishowe. Hakuwa na ukali. "Miaka miwili hukuja kuniangalia. Hilo ndilo liliniuma, kuliko muguu. Sasa umekuja. Kata."

Kwa hiyo atakata. Wiki hii fremu iko gereji, imening'inizwa kwenye nguzo, na wateja wa minyororo na matairi wamekatazwa hata kuigusa. Bulaimu amechora kwa chaki mahali mkia wa fremu utakapokatwa. Shingoni hataunga chochote, kwa kuwa moto wa kuungia nao hulegeza chuma. Kabla ya kukata, ataifunga pikipiki upya, ataweka magunia mawili ya mchanga juu ya tangi na kuishusha yeye mwenyewe mteremko ule ule, mara kumi. Mke wake amemwambia ana wazimu. Amemjibu kwamba anajua.

Harusi ya kwanza ya Emmanuella ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Wamepatana jambo moja: baada ya kila harusi atamletea Pitchou pikipiki, na Pitchou atapaka unga. Ukionekana mstari, hata mfupi kama ukucha, pikipiki haitoki tena.

Alipoulizwa kama hofu imepungua, fundi alitikisa kichwa. Usingizi bado ni wa kuvizia, alisema. Alipoulizwa anatumaini nini, alianza kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

"Sitaki watu wanisifu," alisema. "Nataka siku ile ya arusi ifike magaribi, nisikie Emmanuella ameizima pikipiki mbele ya mulango wa mama yake. Halafu ashuke mwenyewe."