Jina la Kumi na Moja

Mama yangu, Kabale, alikuwa mtunzi. Na usiniambie eti watunzi ni watu wa redio! Harusi ngapi hapa Isiolo zimechezwa kwa nyimbo zake? Alitunga akisukasuka maziwa, kibuyu mapajani, maneno yakifuata mtikiso.

Mwaka wa sitini na sita, wakati wa vita vya shifta, serikali ilikuwa imetufungia kambini upande wa Burat. Ng'ombe wetu walikuwa wamepigwa risasi wote. Baba, Ibrae, aliuawa kisimani pamoja na wanaume wengine kumi. Askari walisema wote ni shifta, yaani waasi, na mke wa shifta atachukuliwa yeye na watoto wake. Wallahi, wake za wale kumi walichukuliwa, hatukuwaona tena. Maiti ya Baba hawakuitambua, kwa hivyo Mama aliapa mbele yao kwamba mumewe yu hai, ameenda Oldonyiro kutafuta ngamia. Hata kulia hakulia.

Kumbe alikuwa anatunga. Wale maiti hawakuswaliwa, wala hatukuonyeshwa walipofukiwa. Alitaka angalau wapate wimbo, kila mtu na ubeti wake, Baba wa mwisho. Lakini bila kibuyu maneno hayakuja. Akatia maji, akawa anasukasuka.

"Mama, watasikia," nikamwambia.

"Wacha wasikie. Si maji tu?"

Hapo alikosea, maskini. Kambi nzima haina ng'ombe, halafu nyumba moja inasukasuka maziwa? Siku ya nne, adhuhuri, Kiugu akaingia na bunduki. Huyu askari alikulia mtaa wa Kiwanjani hapa Isiolo, Kiborana alikijua kama sisi.

"Mama Dahabo, umeficha ng'ombe wapi?" Dahabo ndiye mimi.

Akamwaga kibuyu. Maji matupu.

"Nimesimama hapo nje, nimesikia majina ya wale wa kisimani. Haya, imba mpaka mwisho, nijue ni wangapi."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Katika nyumba za jirani wanawake wote walikuwa wanasikiliza. Mama akashika kibuyu, akaimba. Mmoja, wawili, hadi kumi. Kisha mkono ukatikisa kibuyu tena, mdomo umefungwa.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu."

"Na Ibrae?"

"Si nilikwambia yuko Oldonyiro?"

Kiugu akaenda zake.

Wale majirani walikuwa wameushika wimbo. Vita vilipoisha ukaenea, na mpaka leo wanawake wanauimba, watu kumi. Nilimkasirikia Mama miaka mingi, mjinga mimi. "Askari wameondoka," nilikuwa namwambia, "mtie Baba!" Alijaribu. Akifika pale mkono unatikisa, mdomo unakataa. Alikufa hivyo.

Juzi nikasema basi, nitamtia mimi. Nina wajukuu sasa, na Kiugu mwenyewe alishazikwa. Nikachukua kibuyu cha Mama, nikaimba wote kumi vizuri kabisa. Nilipofika kwa Baba nikanyamaza, nikageuka kutazama mlango.