Ekeno Lomuria na Breki Inayojiachia Yenyewe

Mwaka 1989, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale lami ya Isiolo inapoishia, Ekeno Lomuria anapiga goti kando ya pikipiki ya ofisi ya mifugo. Sanduku la barafu lenye chanjo za mbuzi amekwisha kulifunga nyuma kwa mpira. Anashika koleo, anazungusha nati ya breki ya mbele, anailegeza mpaka waya unaning'inia.

Ndivyo wafanyavyo wote wanaokwenda Garbatulla. Kwenye changarawe, breki ya mbele ikikamata vibaya gurudumu huteleza na mtu akala mchanga. Kwa hiyo huilegeza hapa kwenye kizuizi cha polisi, na jioni wakirudi huikaza hapa hapa.

"Leo unaondoka bila chai?" mkewe, Everline, anamuuliza kutoka kwenye kibanda chake cha chai.

Kondoo wanamwagika barabarani, na kutoka upande wa mjini pikipiki kubwa kama ndama wa ngamia inakuja kwa kasi juu ya lami iliyolowa mvua. Everline anafumba macho. Ekeno anangoja mlio wa matairi, kisha kishindo.

Hasikii mlio wala kishindo. Pikipiki inainamisha pua, inatetemeka kidogo, inasimama wima. Kondoo wa mwisho anapita akiinusa.

"Haiwezekani," Ekeno anasema. "Amekamua breki yote, nimeona mkono wake. Mbona haikulala?"

Mwenye pikipiki ni Dieter, Mjerumani anayekwenda Moyale. Kiswahili alikiokota Dodoma alikokuwa akichimba visima. Anaeleza kwamba breki hizi ni mpya, zimetoka mwaka jana tu. Gurudumu likitaka kujifunga, breki inaliachia, kisha inalishika tena, upesi kuliko vidole vya mtu yeyote.

"Nani anaiachia?" Ekeno anauliza.

"Kuna sanduku dogo ndani. Linapima mzunguko wa magurudumu."

"Linafikiri?"

"Kidogo."

Ekeno anaizunguka pikipiki ile akiwa ameweka mikono mgongoni, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

Ana sababu ya kustaajabu. Mtoto huyu wa mtaa wa Chechelesi, sasa mwenye miaka arobaini na miwili, amebeba chanjo kwenye njia hii tangu ujana wake. Mwaka jana, mwezi wa mvua, alirudi kutoka Garbatulla akiwa na homa, akapita kizuizi bila kukaza ile nati. Alipofika mtaa wa Wabera, kwenye lami, msichana mwenye ndoo alikatiza mbele yake.

"Nilishika ya mbele, hakuna kitu. Nikakanyaga ya nyuma, pikipiki ikageuka," anakumbuka. "Msichana hakuguswa. Mimi niliamkia hospitali."

Alivunjika mfupa wa bega. Sasa ofisi inataka kumpa kazi ya kutunza stoo, na jibu linatakiwa leo akirudi. Kila akimuuliza Everline, jibu ni lile lile: "Wewe ndiye unajua kazi yako."

Dieter anamkabidhi ufunguo. Ekeno anaenda polepole kuelekea mjini, anageuka, anarudi kwa kasi, na mbele ya kibanda anakamua breki kwa nguvu zake zote juu ya maji. Pikipiki inasimama kama iliyoshikwa na mkono.

Anashuka, anavua kofia.

"Inapiga kwenye vidole," anasema kwa sauti ya chini. "Kama moyo wa mtoto wa mbuzi ukimbeba."

Huka, fundi wa pikipiki hapo kizuizini, hajashawishika. "Na ikikufa huko jangwani? Hiyo sanduku nani atafungua? Mimi niko na spana na nyundo."

"Hata mimi siwezi kulifungua," Dieter anakiri. "Na pikipiki ni nzito. Na kwenye changarawe naiogopa."

"Kwa nini?"

Badala ya kueleza, Dieter anavuka kizuizi, anaingia kwenye changarawe kwa kasi, na kwenye jiwe la kwanza kati ya mawili waliyokubaliana anafunga breki. Inashika, inaachia, inashika, inaachia. Pikipiki inanyooka vizuri, lakini inaendelea kwenda, inapita jiwe la pili, inakaribia kuingia kwenye miiba.

"Wewe, simama! Huko ni Somalia!" Huka anapiga kelele, na wote wanacheka, Dieter akiwa wa kwanza.

Ekeno anajaribu kwa yake. Anakanyaga ya nyuma, gurudumu linafunga, linalima mfereji na kurundika kokoto mbele yake. Inasimama upandeupande, lakini kabla ya jiwe la pili.

"Hapa kufunga kunasaidia, kule kwenye lami kunaua," anasema, akitazama mfereji ule kana kwamba hakuwahi kuuchora maishani mwake.

Dieter anapoondoka, Ekeno anabaki akiisikiliza mpaka mlio unapotea. Huka akimuuliza anatamani nini, hafikirii mara mbili.

"Siku moja breki hizi zitafika kwa pikipiki ndogo. Ziwe na swichi: kwenye lami unawasha, kwenye changarawe unazima. Mtu hatasahau nati tena. Mimi nitangoja. Nitaambia ofisi niendelee na njia." Anamgeukia mkewe. "Umeona, Mama Lobokat? Shida ilikuwa breki tu."

Everline anaweka birika chini. Anapangusa mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Si breki, Ekeno. Jioni nasikiliza barabara. Pikipiki ya mtu mwingine ikitangulia, naona ni mimi wanakuja kuambia umeanguka. Nilinyamaza kwa sababu unaipenda hiyo njia. Leo nasema. Chukua kazi ya stoo. Mimi nataka kuzeeka na wewe."