Mbio Nilizomtungia Baba

Baba yangu alikuwa amebakiwa na jicho moja, na hilo moja lilikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikwisha zamani, siku betri ya gari ilipomlipukia usoni gereji, akiwa bado fundi wa magari ya mashindano huko Tanzania alikokulia. La kushoto daktari alisema linatibika, kazi ya nusu saa tu, sharti presha iwe imetulia asubuhi ya upasuaji. Tulikwenda Jumatatu ya kwanza, mashine ya presha ikakataa. Tukarudi Jumatatu iliyofuata, ikakataa tena. Daktari alikuwa mgeni wa mkataba mfupi. Alituambia bila kuzungukazunguka kwamba Jumatatu ya tatu ndiyo yake ya mwisho, na akishaondoka tutaingia kwenye foleni ya miezi mingi.

Sikuhitaji kuambiwa tatizo liko wapi. Jumapili mchana kulikuwa na mbio za magari kwenye televisheni, na Baba hakosi mbio. Alikuwa haoni zaidi ya mwanga unaopitapita, lakini alikaa mbele ya kioo, kichwa ameinamisha, anasikiliza, nami namsimulia, kwa sababu watangazaji wanaongea Kiingereza na yeye na Kiingereza hawajawahi kupatana. Ana dereva wake mmoja, kijana anayepigana hata gari likiwa bovu. Jumapili ya kwanza injini ya kijana ilikufa zikiwa zimebaki duru mbili. Ya pili alisukumwa nje ya barabara. Jumatatu zote mbili Baba alifika hospitali mishipa ya shingo imemsimama.

Basi nikaomba likizo ya wiki moja kazini kwangu Kacyiru, nikahamia kwake Rebero, upande wa pili wa jiji, na begi, mashine ya kupimia presha na hasira zangu zote. Mimi ni mtu wa kuamuru, nakiri. Nilipiga marufuku chumvi, siasa na mbio za magari. Badala ya mbio nikamletea besiboli.

Besiboli ni ugonjwa wangu mwenyewe. Nilifundishwa sekondari na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyechora vituo vinne kwa chokaa kwenye uwanja wetu wa kandanda, na tangu hapo nafuata timu ya mji wake. Kule wakicheza jioni, kwetu ni saa tano asubuhi. Ofisini huwa naegemeza simu kwenye faili, bosi akipita naifunika. Nilijiambia huu ndio mchezo wa mgonjwa: mmoja anarusha mpira, mmoja anausubiri na gongo lake, wengine wamesimama tu.

Jumanne ulifanya kazi. Baba alisinzia kabla ya zamu ya tatu kati ya tisa, na mashine ikasoma vizuri. Jumatano akaanza kuuliza maswali, na hapo ningepaswa kushtuka, maana fundi akianza kuuliza ujue keshafungua boneti. Nikamweleza kwamba mpigaji akiupiga mpira anakimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani, pale alipoanzia, ndiyo pointi.

"Kumbe ni mtu anahangaika kurudi kwao," akasema.

Kwa mzee aliyezaliwa ukimbizini hilo halikuwa neno dogo. Siku hiyo hakusinzia.

Alhamisi timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu ya mwisho, watu wamesimama kwenye vituo vyote vitatu. Baba alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, ameuminya mkono wangu mpaka vidole vinauma. Kila mpira uliporushwa aliuliza, "Kapiga?" kabla sijafungua mdomo. Nikaitazama shingo yake. Mishipa ilikuwa imesimama. Nikachukua rimoti nikazima.

Mashine ilisoma vibaya kuliko Jumatatu zote mbili. Hakugomba. Aliniambia tu kwamba nimemwacha mtu amesimama kituo cha tatu, akaenda kulala bila kugusa chakula cha mchana. Nilibaki sebuleni nimejichukia. Nikaapa na mimi sitatafuta matokeo ya mechi ile, iwe adhabu yangu.

Ijumaa alinipa taarifa, kwa upole wa kutisha, kwamba Jumapili atasikiliza mbio, na nikizima atakwenda kwa jirani akipapasa ukuta. Nilijua hatanii. Nilijua pia, baada ya Alhamisi, kwamba kumkatisha kunamuumiza kuliko mchezo wenyewe. Siku mbili nililigeuza jambo hilo kichwani, nikimpima asubuhi na jioni, namba ikishuka kidogo na kupanda kidogo. Mwisho nikakata shauri: atapata mbio, lakini zitakuwa mbio zangu.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala, na saa tisa nikamkalisha kitini. Sauti niliishusha mpaka watangazaji wakabaki mnong'ono na injini zikabaki ngurumo. Duru ya nne kijana wake aliingia kona kwa kasi, gurudumu la nyuma likateleza, akaupiga ukuta. Upande mzima wa gari ulipasuka. Alitoka mwenyewe, akatembea, nikamshukuru Mungu kwa hilo, lakini mbio zake zilikuwa zimekwisha. Watangazaji walipiga ukelele uliosikika hata kwa sauti ile ndogo.

"Nani?" Baba akauliza.

"Mwingine," nikasema. "Wa huko nyuma. Wako ni wa tano."

Likaingia gari la usalama, lile linaloyatangulia mengine na kuyatembeza polepole wakati vipande vinaondolewa barabarani. Ngurumo ilishuka, sebule ikawa kimya, na kimya kile kilinitia hofu. Nikaona nikinyamaza tu ataninusa. Basi nikamfanya kijana ampite wa nne, kisha nikamfanya ampite wa tatu, kwa ndani, kwenye kona ile ile. Nilisimulia mpaka nikaishiwa mate. Kwa zaidi ya saa nzima nililinda nafasi ya tatu ya mtu aliyekuwa ameshavua kofia yake, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Baba. Ushindi sikumpa, niliona ni tamaa. Baba aliitikia kwa kichwa taratibu na kusema "vizuri" mara mbili.

Mashine ilisoma namba nzuri kuliko zote za wiki. Nilifurahi, na nikajiona mwizi.

Jumatatu pale hospitali, televisheni ya mapokezi ilikuwa ikirusha habari za michezo, tena kwa Kiswahili. Nilimkalisha Baba mbali nayo, nikaanza kuongea juu ya bei ya viazi, sauti juu, bila kupumzika, mpaka watu wakanigeukia. Muuguzi akaja na kile kitambaa cha kufunga mkono. Alipima. Akapima tena. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

"Muzee, humura," akasema, yaani usiwe na wasiwasi. "Presha iko sawa. Twende."

Mlango ulipofungwa nililia hadharani, mtu mzima mimi, na mama mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa.

Jumanne walimfungua bandeji. Njiani kurudi Rebero alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti, dereva wa teksi akacheka. Nyumbani alinitazama kwa muda mrefu, akasema nimekonda. Kisha akakaa kwenye kiti chake.

"Niwekee mbio za Jumapili," akasema. "Nataka kuona alivyogonga."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Wewe. Ulisema anapita watu, na injini zote zimelala. Gari la usalama likiwa mbele, mwanangu, hakuna anayempita mwenzake. Ni kosa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mkono wako ulikuwa unatetemeka," akasema. "Nikaona mmoja wetu lazima atulie."

Nilitafuta marudio, nikayaweka, nikapandisha sauti mpaka watangazaji wakarudi na kelele zao. Duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulikaa bega kwa bega. Gari la kijana lilipoikaribia ile kona, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa mazoea.

"Anaingia kwa kasi, gurudumu la nyuma lina..."

Baba aliniwekea kiganja gotini, jicho lake halikubanduka kwenye kioo.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Naona."