Visiki vya Nyamizi

Barua ile niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ilikuwa mwaka 1980. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha misitu, na kiburi kisichopungua kilo hamsini. Jina langu ni Selestine, lakini kijiji kizima cha Didia kiliniita Bwana Miti, na mimi nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Kwetu ni Ushirombo, ambako mtu akitaka kuni anaingia nyuma ya nyumba na kutoka na mzigo. Didia niliwakuta akina mama wakipikia samadi na mabua ya pamba. Nchi ilikuwa nyeupe. Ukipanda juu ya kichuguu uliweza kumfuata mbuzi kwa macho mpaka apotee kwa udogo tu, bila kufichwa na kitu chochote. Niliamini kabisa kwamba nimeletwa kuwaokoa watu hawa, mimi na baiskeli yangu na boksi la miche ya mikaratusi lililofungwa nyuma.

Nyamizi alikuwa wa kwanza kunikatalia. Watu walimwita Mama Limi, kwa jina la bintiye wa pekee. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini, mwembamba, mbishi, mwenye tabia ya kukutazama miguu kwanza ndipo akutazame usoni. Mumewe, marehemu Jilala, alikuwa amerithi kwa baba yake ngitili ya ekari kama kumi. Ngitili kwa Wasukuma ni eneo la majani na miti ambalo mwenyewe hulifunga mvua zinapoanza, asiingie mnyama, kisha hulifungua kiangazi kinapokuwa kikali, kipande kwa kipande. Wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wagonjwa, na maksai wa kulimia. Wengine husubiri.

Mwaka 1974, serikali ilipokusanya watu vijijini, familia ilihamishwa pamoja na wenzao wote, na ngitili ikabaki bila mwenyewe. Watu wakakata, mifugo ikamaliza kilichobaki. Jilala alifariki mwaka 1977 bila kurudi kwake. Miaka miwili baadaye Nyamizi aliruhusiwa kurudi kwenye mashamba ya zamani, na alichokikuta ni ua wa minyaa wenye mapengo, na ndani yake visiki vimejaa.

"Shikamoo mama," nilimwambia siku hiyo.

"Marahaba."

"Visiki hivi vimekufa. Ving'oe, nikupe miche mia mbili."

"Ving'olewe na nani?"

"Tafuta vijana."

"Wewe si kijana?" aliniuliza, akaendelea kupepeta mtama wake.

Nilikasirika. Nikaenda ofisi ya kijiji nikaandika kwamba eneo la marehemu Jilala halina mti hata mmoja ulio hai, kwamba visiki vyote vimekufa, na kwamba lingefaa kusafishwa na kulimwa. Nikaweka saini na mhuri. Muda si mrefu nikahamishiwa upande wa Mwadui, nikamsahau yeye na visiki vyake.

Maduhu hakusahau. Huyu alikuwa mdogo wake Jilala, mkulima wa pamba, mtu mwenye bidii ya kuogofya na sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anasalimia. Alikuwa ameomba nakala ya barua yangu, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku akingoja wakati wake.

Nilirudi Didia Julai 1984, katikati ya ukame. Nilipita kwanza shuleni kutazama mikaratusi yangu mia mbili, ile aliyoikataa Nyamizi nikaipanda huko. Nilihesabu kumi na mmoja, na mchwa walikuwa kazini. Kutoka hapo niliona doa jeusi kwa mbali kwenye uwanda. Nikadhani ni kivuli cha wingu. Nikatazama juu, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la dawa. Nikapanda baiskeli.

Nilipofika kwenye minyaa nilishuka bila kujua kwamba nimeshuka. Kwa Nyamizi palikuwa na msitu. Haukuwa msitu wa kwetu, nakubali, miti mingi ilikuwa imenipita kimo kidogo tu, lakini ilisimama imeshikana, na mahali pengine jua lilifika chini vipande vipande. Mapengo yote ya ua yalikuwa yamezibwa kwa miiba. Yeye alikuwa mlangoni na fimbo, akiwafukuza mbuzi wa mtu.

"Umerudi, Bwana Miti," alisema. "Umeleta vijana wa kung'oa?"

Akaniruhusu kuingia, na akanitembeza. Alinionyesha mgunga, mhale, mpingo, mkwaju, mninga wenye unene wa mkono wangu, na mfuru ambao Limi alikuwa amekula matunda yake mwaka uliopita. Kila mmoja ulitoka kwenye kisiki. Kisiki kikitoa machipukizi saba, yeye aliacha mawili yaliyonyooka na kukata matano, na hayo matano ndiyo kuni zake. Alikuwa hajapikia samadi tangu mwaka juzi. Alinitajia mti wa kikohozi, mti wa tumbo la mtoto, mti wa kwato za ng'ombe. Mingine aliijua kwa Kisukuma tu, na mimi mwenye cheti sikuijua kwa lugha yoyote. Digidigi alitutazama, akaenda zake taratibu. Kware waliruka. Juu yetu nyuki walivuma, mahali ambapo miaka minne nyuma hata nzi walipita haraka.

Niliogopa. Nasema ukweli. Ilikuwa ile hofu ya kanisani, wakati kengele inapolia na watu wote wanapiga magoti, hata wale waliokuja kuonyesha nguo. Miti hii ilikuwa chini ya miguu yangu siku ile niliyosema visiki vimekufa. Mizizi ilikuwa hai, ikichipua kila mwaka, na kila mwaka mbuzi na ng'ombe wakila machipukizi kabla hayajaonekana. Mimi nilitazama juu ya ardhi, nikatoa hukumu.

"Mama Limi," nilimwambia, "hapa pasiguswe tena."

"Kawaambie wao," alijibu. "Alhamisi kijiji kinagawa eneo hili. Maduhu ana barua yako."

Usiku huo sikula. Kama barua ingesimama, maksai wa Maduhu na wenzake wangevuta visiki vile kwa minyororo kabla ya mvua, na hii ingekuwa kazi ya kalamu yangu. Kama ningeikana, mkubwa wangu wa mjini angesikia kwamba Selestine aligonga mhuri wa serikali juu ya uongo.

Alhamisi watu walijaa darasani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maige, aliiweka barua mezani akaisoma yote, mpaka mhuri.

"Bwana Miti, hii ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Basi?"

"Nilikosea. Sikuchimba hata kisiki kimoja kutazama mzizi. Nilimkasirikia mama huyu, nikaandika."

Watu walicheka, na nilistahili. Maduhu hakucheka. Alisimama akasema kwamba mtu aliyekosea jana anaweza kukosea leo, kwamba mwanamke mmoja mwenye ng'ombe wawili hawezi kukalia ekari kumi wakati watu wanakosa pa kulima. Kisha akamgeukia Nyamizi.

"Shemeji, Bwana Miti mwenye elimu yake hakujua. Wewe ulijuaje kama visiki vile ni vizima?"

Lilikuwa swali la mtego, na pia lilikuwa nafasi. Angeweza kusema aliota, au kwamba wazee walimfundisha, na nusu ya watu wangeamini. Nilitamani aseme hivyo.

"Sikujua," alisema Nyamizi. "Na mimi nilidhani vimekufa. Sikuwa na mtu wa kuving'oa, ndiyo maana vilibaki. Nilikuwa naziba ua ili nipate majani ya ng'ombe wangu wawili. Masika ya pili nikaona kila kisiki kina majani. Kila kisiki, shemeji. Nikakaa chini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinda, kwa sababu naogopa kuwa mtu atakayeviua mara ya pili."

Mzee Maige alikunja barua, akasema hakuna haja ya maneno, twende tukaone.

Tulienda kama watu arobaini. Waliingia wakizungumza na baada ya hatua chache wakaacha. Wazee walianza kugusa miti na kuitaja majina, taratibu, wengine wakibishana kwa sauti ya chini, maana kuna miti ambayo hawakuwa wameiona tangu ujana wao. Mzee Maige alivua kofia yake. Nadhani hakujua kwamba ameivua. Pale pale alisema ngitili ya Jilala ni ya mkewe, na baada yake ni ya Limi, na liandikwe hivyo. Maduhu aliondoka bila kuaga.

Agosti ilikuwa mbaya. Majani yaliisha nchi nzima, na ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Asubuhi moja nilikuwa kwa Nyamizi nikiandika majina ya miti, kwa Kisukuma safari hii, nikirudia kila jina mpaka aridhike, ndipo nilipoona Maduhu anakuja na maksai wawili, mbavu zao zinahesabika. Bila maksai hao hakuna pamba wala mtama mwaka ule, na watoto wake walikuwa saba.

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Angeweza kuingiza wanyama wake na hakuna ambaye angemzuia, kwa sababu maksai wa ukoo kwa desturi hutangulia. Maduhu alisimama nje ya minyaa, akashika kamba kwa mikono miwili, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo akasema, "Hodi, shemeji."

Nyamizi alimtazama miguu, kisha usoni.

"Karibu," alisema. "Waanzie upande wa kushoto."