Jezi Zilizonukia Udi

Juzi basi letu lilibadilishiwa njia kwa sababu ya ujenzi wa barabara, nikajikuta napita nyuma ya shule niliyoiacha nikiwa na miaka kumi na saba. Milingoti ya goli haipo. Uwanja umezungushiwa uzio, na ndani yake zinajengwa nyumba. Abiria wenzangu walikuwa wakilalamikia kuchelewa. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu aliyekutana na anayemkwepa.

Tulikuwa na timu ya futiboli pale, ile ya huku ughaibuni, ya helmeti na mabega ya plastiki. Shule ilikuwa ndogo, wachezaji kumi na tisa tu, na baadhi yetu hatukuwahi kuushika ule mpira wenye ncha kabla ya Septemba ile. Ndio mwaka uchumi ulipoporomoka. Maghala ya Downsview yalikuwa yakipunguza watu, na wengi wetu tulitoka nyumba ambazo mtu mzima alishinda dirishani mchana kutwa. Shule ikaacha kulipia ufuaji, kocha akaagiza kila wiki familia moja ifue jezi zote.

Zamu yetu ilifika kabla ya mechi ya tatu, na mbili za mwanzo tulikuwa tumefungwa vibaya. Nyumbani, ghorofa ya kumi na moja pale Thorncliffe Park, tulikuwa wanne: bibi yangu, mimi na wadogo zangu wawili. Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki. Bibi hakuziamini mashine za chini ya jengo. Alisema zinazungusha uchafu tu. Akazifua jezi zote kwenye beseni la kuogea, kwa mikono, akazisuuza kwa bluu, akazianika hadi juu ya televisheni. Kisha akafanya kama kwao Tanga walivyofanyia nguo za mtu anayethaminiwa. Akakivika king'ora cha moshi kofia ya plastiki ya kuogea, akawasha chetezo, akazifukiza udi moja baada ya nyingine, huku maharage ya nazi yakichemka jikoni. "Nguo safi isiyonukia," alikuwa akisema, "ni maji yaliyokauka tu."

Jumamosi, kule Scarborough, vijana walizivaa wakaanza kutania. Mmoja alisema ananukia kama shangazi yake akienda harusini. Mwingine akauliza kama tumekuja kucheza au kuposa. Ulikuwa utani tu, najua sasa, lakini siku ile masikio yangu yaliwaka. Kocha alipouliza nani kafua, nikajibu, "Kuna mama mmoja kwenye jengo letu. Huwa anatufulia."

Bibi alikuwa nje, kwenye viti vya watazamaji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kunitazama. Alijitanda khanga juu ya koti la baridi, kopo la maandazi mapajani, mdogo wangu wa kike ubavuni. Nilipokuwa nikitoka na kocha, upepo ukatuletea udi ule ule kutoka kwenye khanga. Kocha alikuwa muungwana. Akamwendea kumshukuru, akamuuliza kama yeye ndiye yule mama wa jengo letu anayefua. Mdogo wangu akafungua mdomo. Bibi akamshika mkono, akanitazama mara moja, akajibu kwa Kiingereza chake kichache, "Ndiyo. Mimi mfuaji."

Siku hiyo tulishinda.

Kwenye basi la kurudi nilikaa mbali naye kidogo. Akahamia kiti cha pembeni yangu. "Usinywee, mume wangu," akaniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wa kiume. "Leo nimekuwa mtumishi wako. Kesho utaniposa upya."

Sikumposa. Vijana waliamua bahati yetu imo kwenye udi, wakakataa jezi kufuliwa kwingine. Kila Jumanne begi lilikuja kwetu, na kila Jumamosi wale wale waliotania walimzunguka Mama Mfuaji, wakimkumbatia na kugombea maandazi yake, nami nikimpa mkono kama jirani. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna ambaye angenicheka tena, wangenionea wivu. Nilihitaji sentensi moja tu, na wiki sita zikapita.

Kifua kilimchukua mwezi Januari. Tulimzika Ijumaa, majirani wachache, theluji hadi vifundoni. Jumatatu vijana waliniuliza mbona haonekani tangu msimu uishe. Walikuwa wamechanga wakamnunulia glovu za sufu, kwa kuwa waliiona mikono yake ilivyopasuka.

"Amehama," nikasema. Wakaniomba nimfikishie. Nikazipokea.

Majuma machache baadaye niliacha shule, nikaenda ghalani. Wadogo zangu wamesoma hadi wakamaliza, na kwenye shughuli zetu za Watanzania watu wazima hunionyesha kwa watoto wao: huyu ndiye aliyejitoa. Huwa naitikia kwa kichwa. Chakula na kodi vilihitaji mtu, kweli. Lakini wewe nakwambia: nilikimbia pia kile chumba cha kubadilishia nguo, ambako kila siku kulikuwa na mtu wa kuniuliza habari zake.

Timu ilivunjwa mwaka uliofuata. Kocha sijui yuko wapi, na wale vijana wametawanyika, wengine sasa ni baba za watu. Mahali fulani wapo watu kumi na wanane wanaomkumbuka mwanamke mwema aliyehama bila kuwaaga.