Kikohozi cha Baba Hemani

Mimi ni fundi wa sauti. Shauri Moyo watu wananijua hivyo: kwaya ikitaka kurekodi inakuja kwangu, spika za kanisa zikianza kukoroma naitwa mimi. Kwa hiyo mtu asinifariji kwamba ilikuwa bahati mbaya. Ulikuwa ujinga, tena ule ujinga wa fundi anayejiamini kupita kiasi.

Baba alikuwa mochari, na nje ya nyumba yetu hema la matanga lilikuwa limejaa watu. Wazee wa upande wake walikuwa wamefika kutoka magharibi mwa nchi, wakiongozwa na baba mkubwa, na ugomvi ulikuwa mmoja tu: azikwe wapi. Wazee walitaka azikwe nyumbani, kwenye boma la babu, kama mila inavyotaka. Mama alikataa katakata. Alisema mumewe alimwahidi kwamba atalala makaburi ya Lang'ata, hapa Nairobi, kando ya dada yangu aliyefariki akiwa na miaka minne. Hakuna aliyemwamini. Nilimsikia baba mkubwa kwa masikio yangu akisema, "Huyu mama anatuibia ndugu yetu mchana kweupe." Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtetea mama.

Lakini kulikuwa na rekodi. Wiki mbili kabla ya kufa, baba alinifukuza chumbani kwangu, akakaa peke yake mbele ya kompyuta na maikrofoni. Alipotoka aliniambia, "Nikienda, sikilizeni. Wewe na mama yako." Mama alitaka tuisikie kwanza sisi wawili, halafu awapelekee wazee ushahidi wake.

Basi Alhamisi alasiri, baada ya watu kula, nikafunga mlango wa chumba changu, nikamvisha mama hedifoni. Nikajaribu ule mlio wa majaribio wa kompyuta. Kimya. Halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu kompyuta yangu ina kadi tatu za sauti: moja ya ndani ya mashine, moja ya televisheni ninayoitumia kama skrini, na kisanduku cha nje cha kurekodia kwaya. Asubuhi hiyo kile kisanduku nilikuwa nimekiunganisha na amplifaya ya hemani, waya ukapitia dirishani, ili waombolezaji wapate nyimbo za dini; baada ya chakula nilizizima, akina mama wakaanza kuimba wenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sauti imeelekezwa kwenye televisheni, ambayo spika zake zimekufa, nikachagua kadi ya ndani, nikajaribu tena.

"Eh! Imelia," mama akasema, akazishika hedifoni kwa mikono miwili.

Nikatabasamu kama bwege. Nikafungua rekodi ya baba kwa ile programu niliyochezea nyimbo asubuhi, nikabonyeza. Mstari ukaanza kutembea kwenye skrini, lakini mama akatikisa kichwa, hasikii kitu. Nikaongeza sauti. Nikaiongeza tena, mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia mtu akikohoa nje.

Kikohozi kile nilikijua. Mtaa mzima ulikijua, kikohozi cha miaka yote ile ya vumbi la kiwanda huko Industrial Area. Wimbo wa akina mama ukakatika, mmoja wao akapiga mayowe, "Woiye! Huyo ni yeye!" Viti vya plastiki vikaanguka. Nikaelewa papo hapo nilichofanya: ile programu ya kucheza nyimbo ina mpangilio wake, na asubuhi niliiambia itumie kisanduku cha nje tu. Mimi nilibadilisha kompyuta, programu sikuigusa. Kosa ninalowakemea wanafunzi wangu kila wiki!

"Mama watoto," baba akasema kutoka hemani, kwa sauti kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuitoa akiwa hai.

Mkono wangu uliruka kwenda kwenye kipanya. Mama akaudaka. Alikuwa ameshavua hedifoni.

"Acha," akasema. "Aseme."

"Mama watoto, nilikudanganya. Tulipomzika mtoto ulikuwa ukilia kila siku, na sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Nikakuambia nitalala pale kando yake, ukatulia. Sasa naogopa kulala ugenini. Nipelekeni kwa baba yangu. Usinikasirikie."

Rekodi ikaisha. Nilishindwa kumtazama mama usoni. Ushahidi aliokuwa akiungoja ulikuwa umemgeukia mbele ya watu wote, na aliyewasikilizisha ni mimi mwanawe.

Nilidhani ataanguka. Badala yake alisimama, akajifunga leso vizuri, akafungua mlango. Nilimfuata nikibwabwaja, "Mama, pole, ni mimi, ni zile kadi," upuuzi mtupu. Hakunisikia. Watu walimpisha hadi alipokuwa baba mkubwa, ambaye alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Shemeji, mmesikia," mama akamwambia. "Mpelekeni kwao. Sitawazuia tena."

Mzee alifungua mdomo amshukuru. Mama akainua kiganja.

"Sijamaliza. Mimi siku yangu ikifika, huko msinipeleke. Mnizike Lang'ata. Yule mtoto aliahidiwa mtu wa kulala kando yake."