Mtu Aliyesema Luilu

Kuna fundi wa simu pale Ngoingwa ambaye nikipita mezani pake hupunguza mwendo, hata kama simu yangu ni nzima. Ni ile harufu ya lehemu ikiyeyuka. Kijana wa watu hudhani nina jambo naye. Hajui kwamba pua yangu imeshafika Ruiru, ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, nami nina miaka tisa.

Handaki lile tulilichimba wenyewe. Nasema tulilichimba kwa sababu hata mimi nilibeba udongo kwa karai. Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapigania uhuru, sisi Wakikuyu tulitolewa mashambani tukajazwa humo, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Kwenda mtoni tulipewa saa moja, na homugadi, mgambo wa serikali, nyuma yetu na bunduki yake. Nilikuwa nikiwaona ndege wakivuka handaki bila kuulizwa karatasi, nawachukia kabisa.

Aliyenukia lehemu alikuwa Baba Mdogo Njuguna, ndugu ya baba yangu. Katika vita vya Wazungu alifundishwa mitambo ya redio, kwa hiyo alipewa kibali cha kwenda Thika kila siku kutengeneza redio katika duka la Mhindi. Katika stoo ya duka hilo, ndani ya sanduku la chai, alijiundia kituo chake mwenyewe cha kutangazia. Hakikuwa na leseni wala jina. Saa saba mchana, tajiri wake akiwa amekwenda kula, alizungumza dakika chache kwa Kiswahili, ili hata wafanyakazi wa mkonge waliotoka magharibi waelewe. Alitaja tu watu waliochukuliwa kwenda kizuizini: fulani wa Gatundu yu hai, fulani wa Juja amepona kifua. Habari aliletewa na madereva wa malori.

Nasi tulimsikia kwa redio ya homugadi wenyewe! Waliiweka dirishani tusikilize habari za serikali, lakini aliyeitengeneza ni yeye, na alijua mshale wake wa stesheni hukwama wapi, akatangazia hapo hapo. Saa saba ikifika, akina mama wote walikumbuka kufagia karibu na dirisha lile.

Shida ilikuwa ulimi wake. Shuleni mwalimu alimchapa sana kwa kusema "kurara" badala ya "kulala", hata akaiogopa "r" maisha yake yote. Akizungumza Kikuyu hana neno. Akishika Kiswahili tu, ni "habali za mchana, watu wa Luilu". Mimi mwenyewe aliniita Wanjilu. Baba yangu, aliyejua Kiswahili safi, alimcheka hadi machozi.

Siku moja mke wa homugadi alimnong'oneza mama mtoni: Jumamosi wanaume wote watapangwa uwanjani, kila mmoja aseme, "Mimi ni mtu wa Ruiru." Atakayesema Luilu ndiye mtu wa redio, na atapanda lori. Asiyefika, huyo atachukuliwa bila hata kuulizwa.

Tulikuwa na siku tatu. Kila alipotoka kazini nilimkalisha Baba Mdogo kwenye kigoda, nikawa mwalimu.

"Ruiru, Baba Mdogo."

"Luilu."

"Ngai! Ulimi usiguse meno."

"Haugusi, Wanjilu."

Alitokwa na jasho. Mara moja moja aliweza, tukapiga makofi, lakini nikimtisha kidogo tu, ulimi ulirudi kule kule. Baba alikaa pembeni akichonga mpini wa jembe. Siku hizo hakucheka hata mara moja.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Nilimwona Baba akitoka nyuma ya mstari, akajipenyeza mbele ya ndugu yake. Zamu yake ilipofika alivua kofia.

"Mimi ni mtu wa Luilu."

Ofisa Mzungu aliinua macho. "Rudia."

"Luilu," Baba akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye handaki.

Nilishikwa na hasira. Siku tatu nafundisha mbele yake! Nikapiga kelele, "Ni Ruiru, Baba! Ruiru!" Mama aliniziba mdomo kwa nguvu hadi nikaonja damu. Baba alipokuwa akisukumwa kwenye lori aligeuka, akasema tu, "Njuguna, angalia watoto." Wanaume waliobaki hawakuulizwa tena.

Baba Mdogo hakuwasha tena mtambo wake. Hangeweza, sauti ile ingesikika tena, wangejua wamechukua mtu mwingine. Kwa hiyo dirisha lile likabaki na habari za serikali, na kwa miaka minne hakuna aliyetutajia kama Baba yu hai.

Alirudi amekonda, meno mawili hayapo. Padri alikuja kumsalimu, akamuuliza kwao ni wapi.

"Ruiru," Baba akajibu, neno limenyooka.

Nami, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye mdomo, nikasema, "Leo umeweza." Baba alicheka hadi machozi. Baba Mdogo aliweka kikombe chini, akatoka nje.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa, siku moja nikipepeta maharagwe tu, na Baba alikuwa ameshazikwa. Nilikaa chini pale pale nikalia. Katika uwanja mzima siku ile, mtu pekee aliyejaribu kumwokoa ndugu yake alisahihishwa mbele ya watu, na aliyemsahihisha ni mimi.